Juu ya Chakula Rahisi na Haki ya Mpishi

Liko swali moja ambalo watu wachache hujiuliza wakaapo kula mjini, nalo ni hili: urahisi wa chakula hiki umetoka wapi? Mtu huuliza bei, huuliza kama nyama imeiva, huuliza kama maharage yametiwa nazi. Akiisha kupata sahani yake kwa fedha kidogo hufurahi, hula, hunawa, huenda zake. Asili ya urahisi haiulizi, maana kila mtu hupenda kitu rahisi, na apendacho mtu hakichunguzi sana. Nasi twaona ya kuwa swali hili lafaa kuchunguzwa, wala si na watu wa mjini peke yao. Hata mkaaji wa shamba aendapo mjini kwa shughuli zake hula huko, na wengi wa wale wampikiao ni mama zetu na dada zetu waliotoka mashambani.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutatwaa mahali pamoja pawe mfano, yaani Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam. Wengi wenu mmefika, na asiyefika amesikia habari zake.

Jina lenyewe la mtaa huu lakumbusha mzigo na njaa. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, waliwekwa kambini mahali hapo. Na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua vichwani chakula cha askari kwa mamia ya maili. Maelfu yao walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi na upungufu wa chakula. Mtu alibeba mzigo wa unga wa mwenziwe, naye mwenyewe akafa kwa kukosa lishe. Twaomba msomaji alitunze jambo hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

Tena katika siku za Wajerumani na za Waingereza mji uligawanywa. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi, uwe mpaka. Lakini chakula hakikuujali mpaka ule. Chapati na sambusa zilivuka kutoka upande mmoja, samaki wa kupaka na wali wa nazi wakavuka kutoka upande wa pili. Baadaye watu wa bara wakaja na vyakula vyao: Wachagga na mtori wao wa ndizi, watu wa Ziwa na ugali wao kwa dagaa na sato, Wapare na makande yao. Siku hizi mtu akipita katika mtaa wa Msimbazi, au mtaa wa Kongo, au pande za Gerezani, saa sita ya mchana, aweza kula chakula cha nusu ya nchi bila kwenda mwendo wa dakika kumi. Wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Burundi na visiwa vya Komoro waja hapo kununua bidhaa, nao pia wala. Soko kuu, lililochorwa na msanifu wa majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto mwezi wa Julai 2021, wala biashara ya mitaa ya kando yake haikufa.

Wapishi wa mahali hapo ni wa namna nyingi. Yako mahoteli yenye meza na feni. Lakini wengi wa watu wa kazi hula kwa wanawake wanaopika chini ya turubai au ubavuni mwa nyumba, wenye majiko ya mkaa mawili au matatu, benchi, na ndoo ya kunawia. Hao ndio waitwao mama ntilie, jina lililotoka katika maneno ya mlaji mwenyewe asemapo, "Mama, nitilie." Kwa fedha kidogo mlaji hupata wali, maharage, mboga ya majani, pengine kipande cha samaki, na kipande cha tikiti juu yake.

Kwanza tuseme wema wa jambo hili, maana si haki kulilaumu jambo jema kabla ya kulisifu. Juu ya benchi moja hukaa mchukuzi aliyeacha mkokoteni wake kando, karani wa benki, mwanafunzi, Mkinga mwenye duka la nguo, Mpemba, na mgeni aliyefika jana kutoka Lubumbashi. Wote huchotewa kwa upawa mmoja kutoka sufuria moja. Hakuna aulizaye kabila la mwenziwe ndipo ampishe. Pasipo chakula cha bei hii, mchukuzi angeshinda na njaa hata jioni, na karani angekula peke yake mahali pengine, nao wasingejuana kamwe.

Wala si neno dogo kwamba Mkristo na Mwislamu hula pamoja hapo. Twakumbuka kwamba mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Walakini kila siku huko Kariakoo mama Mkristo hununua nyama iliyochinjwa na Mwislamu, huipika, na watu wa dini zote mbili huila bila neno. Hakuna mkutano ulioitwa ili kulipatanisha jambo hilo. Mpishi mwenyewe amelipatanisha, kwa kuwa yampasa kuwalisha wote, na kwa kuwa yeye huwaheshimu wote. Twaamini ya kuwa amani ya namna hii ina thamani kubwa, nayo ni moja katika vitu ambavyo mlaji huvipata pasipo kuvilipia.

Sasa turudi katika swali letu. Urahisi huu umetoka wapi? Tukitazama vizuri twaona ya kwamba urahisi ni wa namna tatu, na mtu asipozitenga atakosea katika hukumu yake.

Namna ya kwanza ni urahisi wa chungu kikubwa. Mtu apikaye wali wake peke yake hutumia moto mzima kwa sahani moja. Apikaye kwa watu sitini hutumia moto ule ule kwa sahani sitini. Vivyo hivyo maji, chumvi, na muda wa kungoja maharage yaive. Urahisi huu umezaliwa na ushirika, wala haumdhuru mtu. Mlaji na mpishi wote wawili hufaidi.

Namna ya pili ni urahisi wa majira. Usiku usipokuwa na mwezi, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa na kupata wengi, na bei hushuka. Mwezi wa Desemba maembe hujaa sokoni hata hayana bei. Mchele wa Kyela na wa Morogoro hushuka bei baada ya mavuno. Ijapokuwa mkulima na mvuvi nao wana yao ya kusema juu ya bei hizo, urahisi huu kwa asili yake watoka katika wingi wa vitu.

Namna ya tatu ni urahisi wa hasara ya mtu aliyenyamaza. Hapo kitu ni rahisi kwa sababu yuko mmoja aliyeilipa sehemu iliyopungua, naye hakuulizwa, wala hakuna amshukuruye. Tutaionyesha kwa hesabu. Si hesabu ya mtu fulani, ni mfano tu, nao wenye kuijua kazi hii wataona ya kuwa haiko mbali na kweli. Tuseme mama mmoja auza sahani 60 kwa siku, kila moja shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 120,000. Mchele, maharage, mafuta, nazi, nyanya na samaki vyamgharimu 78,000. Mkaa na madumu ya maji ni 12,000. Msaidizi wake ampa 10,000. Kwa mahali na ushuru atoa 4,000. Vyote pamoja ni 104,000, naye abakiwa na 16,000. Sasa katika wale walaji 60, sita wasema, "Mama, niandikie, nitalipa kesho kutwa," wala hawarudi. Sahani sita ni shilingi 12,000. Basi mama aliyeamka saa tisa usiku, akaenda Feri kutafuta samaki, akasimama mbele ya moto hata saa kumi ya jioni, arudi nyumbani na shilingi 4,000.

Angalieni vizuri, ndugu. Walaji sita tu katika sitini wamekula robo tatu ya ujira wake. Wala mmoja wao hajioni mwizi. Kila mmoja asema moyoni mwake, "Ni sahani moja tu."

Yako na mengine yasiyoandikwa katika hesabu hiyo. Uko moshi wa jiko avutao mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya moshi wa kupikia majumbani. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilitoa mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Ni mpango mwema. Lakini mtungi mkubwa wa gesi na jiko lake hununuliwa kwa fedha nyingi mara moja, na mwenye kubakiwa na shilingi 4,000 hununua mkaa wa siku moja. Uko tena mkopo. Mtaji ukiisha huenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa, ambao mikopo yao watu wameiita kausha damu, naye hulipa marejesho kila juma, na wengine kila siku. Yuko na binti mdogo aoshaye sahani nyuma ya turubai. Na bei ya mchele ipandapo, mama huogopa kupandisha bei ya sahani, asije akawapoteza walaji wake kwa jirani. Huanza kwa kupunguza kipande cha samaki. Kisha huupunguza ujira wake mwenyewe, maana huo hauna wa kuutetea.

Basi twasema hivi: urahisi ambao mtu aliutoa kwa kupenda ni zawadi, nasi twaweza kuupokea kwa shukrani. Urahisi ambao mtu alinyang'anywa, ijapokuwa kwa adabu na kwa sauti ya upole, ni deni. Mlaji ameondoka mezani na mali ya mwenziwe tumboni.

Mtu atatupinga akisema, "Hakuna aliyemlazimisha. Bei aliitaja yeye, mnunuzi akaikubali, neno limekwisha." Nasi twajibu ya kuwa mapatano ni kitu kikubwa, lakini hayamalizi haki yote. Tukumbuke jinsi kazi hii ilivyoenea. Katika miaka ya 1970 na 1980 vitu viliadimika madukani, na mshahara wa mume uliacha kutosha hata kwa chakula cha nusu mwezi. Wanawake wa mjini walitoka wakauza maandazi, vitumbua, uji na wali, na nyumba nyingi zikasimama kwa fedha hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na watu walioonekana hawana kazi rasmi wakakamatwa ili wapelekwe mashambani, na wachuuzi wadogo wakasumbuliwa pamoja nao. Wale waliokuwa wakizilisha nyumba zao walihesabiwa kuwa wavivu. Mtu aliyefungiwa milango yote ila mmoja, akapita katika huo mmoja, hatuwezi kumwambia, "Umeuchagua." Wapagazi wa Carrier Corps nao wengine waliahidiwa ujira. Ahadi ile haikuifanya njaa yao kuwa haki.

Mtu wa pili atasema neno zito zaidi: "Mkimfundisha mpishi kupandisha bei, mchukuzi wa mkokoteni atakula nini? Mtamtetea maskini mmoja kwa kumwumiza maskini wa pili." Neno hili twalikubali kuwa kweli, wala hatuwezi kulipita haraka. Ikiwa gharama yote ya sahani haina budi kubebwa ama na mpishi ama na mchukuzi, basi hakuna jawabu jema. Kila upande tutakaoulemea utakuwa na mtu aliyekwisha kulemewa. Lakini ni nani aliyesema ya kuwa ni hao wawili tu? Wako wengine wafaidio sahani ile. Mwenye duka hufaidi, maana kibarua wake hushiba kwa ujira mdogo. Jiji hufaidi, maana shughuli zake haziendi watu wakiwa na njaa. Karani aliye juu ya benchi lile lile hufaidi, naye ana mshahara. Basi ni haki hao nao wachukue sehemu yao.

Jiji laweza kuchukua sehemu gani? Liwape wapishi maji, mifereji, paa, na mahali ambapo mgambo hawatawafukuza kesho. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilitokea Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi, na wauzaji wa chakula barabarani walikatazwa kazi yao. Katazo lilikuwa na sababu, maana uhai wa watu ni kitu cha kwanza. Lakini mtu anunuaye maji kwa dumu hataosha sahani kama yule mwenye bomba, hata akiwa msafi kuliko watu wote. Uchafu mwingi wa kibanda ni ukosefu wa bomba, na ukosefu wa bomba si dhambi ya mpishi. Mwezi wa Desemba 2018 serikali ilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mama lishe walikuwamo. Sheria tena yaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Mwalimu au mwinjilisti awezaye kusoma na kuandika vizuri angefanya neno jema kuwasaidia wanawake wa mtaa wake kujiandikisha katika vikundi, kuliko kuwaacha mikononi mwa kausha damu.

Tena upo mfano wa mji mwingine wa bandari wenye mataifa mengi. Huko Singapore, wakaako Wachina, Wamalai na Wahindi, zamani maelfu ya watu walipika na kuuza kando ya barabara kama huko Kariakoo. Serikali yao iliwaandikisha mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu mwaka 1971 hata 1986 ikawahamishia katika masoko ya chakula yaliyojengwa kwa ajili yao, yenye maji ya bomba, mifereji na paa, na wengi walitozwa kodi ndogo. Chakula kikabaki rahisi, kwa kuwa sehemu ya gharama ilichukuliwa na mji mzima. Mwaka 2020 UNESCO iliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hatusemi ya kuwa kila kitu huko ni kizuri. Wapishi wengi wamekuwa wazee na vijana wachache wapenda kuwarithi, maana walaji hawataki bei ipande hata kidogo. Lakini mfano ule watosha kutuonyesha ya kuwa sahani rahisi yaweza kulipwa na wengi.

Mtu wa tatu atasema, "Mimi huwahurumia sana wanawake hawa, na sikukuu huwapa kitu." Ni vema, wala tusimkataze. Lakini sadaka haiwezi kusimama mahali pa haki. Mtu akila sahani kumi bila kulipa, kisha siku ya sikukuu akampa mama shilingi 5,000, hakumpa sadaka. Amempa robo ya mali yake mwenyewe, akachukua na sifa juu yake. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee, wala hawakusema ya kuwa dawa ya deni ni huruma.

Hali kadhalika jina. Siku hizi watu wenye adabu wameliacha neno mama ntilie, kwa kuwa walihesabu lina dharau, nao husema mama lishe. Twalisifu jambo hilo. Jina jema ni heshima. Lakini aitwaye kwa jina jema na kudhulumiwa amepata neno tu. Na aliyezoea kuitwa mama ntilie na mteja wake wa miaka mingi, alipaye kila siku bila kukumbushwa, hana kinyongo naye.

Sasa, yatupasa kutenda nini sisi tulao? Twaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza, mlaji alipe siku ile ile. Ikiwa hana kitu kweli, na amseme wazi mpishi kabla ya kuchotewa, ili mama achague mwenyewe kumpa au kutompa. Hapo akimpa itakuwa zawadi yake. Lakini aliyekwisha kula ndipo akasema sina, amemnyima mwenziwe hata nafasi ya kuwa mkarimu.

La pili, kila mtu ajipime kwa kipato chake. Bei ni moja kwa wote, lakini mzigo wake si mmoja. Mchukuzi aombaye kuongezewa maharage ana sababu. Mwenye mshahara asiige maneno yake. Aonaye kwamba sahani ni rahisi kuliko inavyostahili, naye anacho, na asidai chenji yake kwa ukali, wala asibishanie shilingi mia mbele ya mwanamke asimamaye motoni.

La tatu, tuwaangalie wale walio nyuma ya turubai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyepita miaka hiyo hapewi kazi ya kumdhuru wala ya kumzuia kusoma. Binti aoshaye sahani saa nne ya asubuhi siku ya shule na aulizwe kwa upole anasoma wapi. Wala tusimlaumu mama kabla ya kuuliza, maana huenda ni mwanawe, na huenda ada haipo ila sare na daftari zakosekana.

La nne lawahusu wenye ofisi na wenye mikutano, nazo sharika zimo. Ni desturi katika sehemu nyingi kumwagiza mama chakula cha watu mia kwa semina ya siku tatu, naye hukopa mchele dukani, huajiri wasaidizi, hupika. Kisha huambiwa fedha bado hazijatoka, arudi juma lijalo. Huja mara tano, mara sita. Kila siku ya kungoja yeye hulipa riba kwa mkopeshaji. Kwa hiyo mkutano ule, ambao pengine ulizungumza juu ya kuwainua maskini, umelishwa kwa mkopo wa maskini. Twashauri ya kuwa mzee wa usharika au mtunza hazina asikubali tarehe ya mkutano mpaka fedha ya chakula iwepo mkononi, na nusu yake apewe mpishi kabla ya kuwasha moto. Hili halihitaji sheria mpya wala fedha zaidi. Lahitaji mtu mmoja tu mwenye kusema hapana kwa wakati wake.

Hatukuandika haya ili mtu aogope kula penye chakula rahisi. La, na aende, akae juu ya benchi pamoja na wenziwe, ale ashibe. Apendaye kula mahali pa ghali kwa ajili ya kuikwepa aibu hii hajamsaidia mpishi wa Kariakoo, amempunguzia mteja. Kilicho cha lazima ni kuujua urahisi umetoka wapi, na kuilipa sehemu yetu. Walimu na wainjilisti watakaolisoma jambo hili pamoja na watu wao na waifanye ile hesabu ya sahani 60 ubaoni, kwa bei za mahali pao wenyewe, tena wawaite wanawake wapikao waje waisahihishe. Wao waijua kuliko sisi.